9U: Utando mwembamba unaoipa ndege ya plastiki uraia wa Burundi

Ndege ya plastiki iliyotoka katika boksi haina taifa. Mabawa yamekwisha kuunganishwa, injini zimekaa mahali pake, rangi nyeupe imekauka kiwiliwilini, lakini mtu akiulizwa ni ndege ya nchi gani hana la kujibu. Jibu huja karibu na mwisho wa kazi, pale mtengenezaji anapokata kipande cha utando mwembamba kuliko karatasi, akakichovya majini, kisha akakitelezesha hadi ubavuni mwa ndege. Utando huo huitwa dekali, neno lililofupishwa kutoka Kifaransa, décalcomanie. Wengine huuita stika ya maji. Tarakimu 9 na herufi U zikishakaa pale, ndege imekuwa ya Burundi.

Ufundi huu una mashabiki wengi Ulaya, Marekani na Japani, na kwa kawaida huko kazi huanza kwa kufungua bahasha iliyomo ndani ya boksi na kukuta alama zote zimechapwa tayari. Kwa anayetaka kutengeneza ndege ya Burundi mambo si mepesi hivyo. Kampuni kama Airfix ya Uingereza na Revell ya Ujerumani huchapa alama za mashirika na majeshi yanayofahamika kwa wanunuzi wengi, na si rahisi kukuta humo jina la Air Burundi, shirika lililokuwa na ndege za kuhesabika kwa vidole. Mwenye kulitaka hana budi kulichora, kulichapisha na kulibandika mwenyewe. Na ili achore sawasawa, inambidi aijue sheria ile ile inayomfunga mwenye ndege halisi.

Shirika lililobaki katika picha

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1971 kwa jina la Société de Transports Aériens du Burundi, kwa kifupi STAB, na mwaka 1975 likachukua jina la Air Burundi. Katika uhai wake lilirusha DC-3, ndege kongwe ya Marekani yenye injini mbili za pistoni; Twin Otter ya Kanada, iliyoundwa kwa ajili ya viwanja vifupi; Caravelle, ndege ya jeti ya Ufaransa; na Beechcraft 1900, ndege ndogo yenye viti 19 vya abiria. Mwaka 2009 safari zake zilisimama. Uwanja lilikopaa na kutua, ule wenye majengo ya kuba yanayokumbusha nyumba za msonge, tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, rais aliyeuawa Oktoba 1993.

Kijana wa Bujumbura aliyezaliwa baada ya 2009 hajapata kuiona ndege ya shirika hilo ikizunguka juu ya ziwa kabla ya kutua. Kilichobaki ni picha, na simulizi za waliosafiri nayo au waliofanya kazi humo. Hapo ndipo ndege ya modeli, kitu ambacho wengi wangekiita mchezo wa watoto, inapopata uzito wa hati. Na hati yenye kosa hupotosha: herufi moja ikibadilika, ndege iliyo juu ya meza si ile iliyowabeba watu, bali ni nyingine, au ni ndege ambayo haikuwahi kuwepo duniani.

Vipande vyenyewe havisumbui sana. Caravelle ilitolewa na Airfix katika skeli ya 1/144. Twin Otter ilitolewa na kampuni ya Matchbox katika skeli ya 1/72, kisha Revell ikaiuza tena. DC-3 imetengenezwa na kampuni nyingi, kwa kuwa ni miongoni mwa ndege mashuhuri kuliko zote katika historia. Skeli ya 1/72 ina maana kwamba kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi. Twin Otter, ambayo mabawa yake yana upana wa takriban mita 19.8 kutoka ncha hadi ncha, huwa na sentimita 27 na nusu tu.

9U ilitoka wapi?

Msikilizaji wa redio anaweza kushangaa kusikia kwamba alama ya ndege ni mtoto wa redio. Ndege za kwanza kuruka juu ya Ziwa Tanganyika, zile ndege za majini aina ya Short ambazo Wabelgiji walipewa na Uingereza na kuzisafirisha hadi ziwani kupitia Kongo mwaka 1916, hazikuwa na alama ya kimataifa ya uraia. Zilitumwa kushambulia Kigoma, bandari ya meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo watu wa ziwani wanaijua leo kwa jina la Liemba. Wakati ule utaratibu wa alama za kimataifa ulikuwa haujawekwa. Ulikuja na Mkataba wa Paris wa 1919, na herufi za kila nchi zilitokana na zile ambazo vituo vyake vya redio vilipewa kama utambulisho.

Utaratibu huo ulirithiwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha 7 cha mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1949, ndicho kinachoeleza alama za uraia na usajili wa ndege hadi leo. Herufi za nchi bado zinatoka katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Ndiyo sababu mtu anayerusha redio ya ridhaa kutoka Bujumbura hujitambulisha kwa 9U, na ndege iliyosajiliwa Bujumbura nayo hubeba 9U. Tanzania ina 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, na Rwanda 9XR. Kabla ya uhuru wa 1962 hapakuwa na 9U ya Burundi. Ndege za Ubelgiji zilibeba OO, na zile zilizosajiliwa katika Kongo ya Wabelgiji zilianza na OO-C.

Baada ya 9U hufuata kistari, kisha herufi za usajili ambazo ni za ndege moja tu. Si kila mchanganyiko wa herufi unaruhusiwa. Kiambatisho kinakataza ile inayoweza kuchanganywa na miito ya dharura, kama SOS au PAN, na pia herufi tatu zinazoanza na Q, kwa sababu marubani na waongozaji hutumia herufi za aina hiyo kama lugha ya mkato. Anayebuni alama ya ndege isiyokuwepo, kwa kujifurahisha tu, afadhali ayakumbuke hayo.

Alama hizo si pambo. Ndege inapopatwa na ajali, ndizo zinazoitambulisha katika kila ripoti. Sheria hiyo hiyo inataka ndege iwe pia na kibao cha chuma kisichoungua, chenye alama hizo, karibu na mlango mkuu wa kuingilia. Warundi wanayo sababu ya kuzijua herufi za ndege moja ambayo haikuwa yao. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege aina ya Falcon 50 yenye alama 9XR-NN ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Ilikuwa ya serikali ya Rwanda, na ndani yake, pamoja na Rais Juvénal Habyarimana, alikuwemo Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi.

Sentimita 30 zinapogeuka milimita 4

Kiambatisho cha 7 hakikuacha jambo la herufi mikononi mwa wachoraji. Herufi ziwe kubwa, za Kirumi, bila mapambo. Tarakimu ziwe za Kiarabu, nazo bila mapambo. Ubavuni mwa ndege, kati ya mabawa na mkia, au kwenye mkia wenyewe, kimo chake kisipungue sentimita 30. Chini ya bawa kisipungue sentimita 50. Upana wa kila herufi uwe theluthi mbili za kimo chake, isipokuwa herufi I na tarakimu 1. Unene wa mstari uwe sehemu moja ya sita ya kimo. Nafasi kati ya herufi isipungue robo ya upana wa herufi. Rangi itofautiane waziwazi na ile iliyo nyuma yake.

Hesabu hiyo ni zawadi kwa mtengenezaji, kwa sababu inamwezesha kuchora alama hata pale picha aliyonayo ni ndogo au imefifia. Achukue alama yenye 9, U, kistari na herufi tatu. Kwa kimo cha sentimita 30, kila mojawapo ya sita hizo, kistari kikiwemo, ina upana wa sentimita 20, na nafasi tano zilizo kati yake ni sentimita 5 kila moja. Jumla ni sentimita 145. Zikigawanywa kwa 72 hupatikana mstari wa sentimita 2 hivi, wenye herufi za kimo cha milimita 4 na kidogo. Katika skeli ya 1/144, ile ya Caravelle, urefu wote ni sentimita moja, kimo ni milimita 2, na unene wa mstari wa herufi ni kama theluthi moja ya milimita. Hakuna mkono utakaochora hivyo kwa brashi mara mbili, ubavu wa kulia na wa kushoto, zikalingana. Ndiyo maana dekali ikawepo.

Hata hivyo picha ikipatikana, ishinde hesabu. Vipimo vya mkataba ni vya chini kabisa, na mashirika mengi hupita hapo. Picha ndiyo inayosema ndege fulani ilivaa nini katika mwaka fulani.

Bendera na miaka yake

Ikiwa picha inaonyesha bendera ya taifa, kazi huwa ngumu zaidi, na pia yenye mafunzo ya historia. Bendera ya kwanza ya uhuru ilikuwa na ngoma katikati, alama ya ufalme. Ufalme ulipofutwa Novemba 1966 ngoma iliondolewa, mtama ukakaa mahali pake kwa muda mfupi, na mwaka 1967 zikaja nyota tatu nyekundu zenye ncha sita na ukingo wa kijani, ambazo zipo mpaka sasa. Ndege zote za STAB na Air Burundi zinaangukia katika kipindi cha nyota. Lakini kuna jambo ambalo hata mwenye jicho kali hulisahau: mpaka Septemba 1982 uwiano wa bendera ulikuwa mbili kwa tatu, na baada ya hapo ukawa tatu kwa tano. Bendera ya miaka ya 1970 ilikuwa fupi kidogo kuliko ya leo. Anayechukua mchoro wa kisasa kutoka intaneti na kuubandika kwenye DC-3 ya 1971 amekwisha kukosea kabla hajagusa maji.

Bendera ya Burundi ina wema mmoja kwa fundi. Kwa desturi, bendera kwenye ndege huchorwa kana kwamba mlingoti wake uko upande wa pua, ili ionekane ikipepea nyuma ndege inaposonga mbele. Kwa bendera ya Tanzania, yenye mshazari mweusi, hilo hulazimisha kuchora mbili: moja ya ubavu wa kushoto, na nyingine iliyogeuzwa ya ubavu wa kulia. Ya Burundi, yenye nyekundu juu na chini, kijani pande zote mbili, na nyota moja juu ya mbili, haibadiliki ikigeuzwa. Mchoro mmoja unatosha.

Tatizo lake ni udogo. Bendera yenye kimo cha sentimita 30 katika ndege halisi huwa na milimita 4 kwa 7 katika skeli ya 1/72. Ndani ya nafasi hiyo iwekwe duara jeupe, ndani ya duara nyota tatu, na kila nyota iwe na ukingo wa kijani. Printa ya leza yenye nukta 600 kwa inchi huweka nukta za upana wa takriban milimita 0.04. Ukingo wa nyota utapata nukta mbili, pengine moja. Kwa umbali wa kawaida jicho litaona doa jekundu lenye kivuli, na hilo halina aibu: bendera halisi nayo ikitazamwa kutoka upande wa pili wa uwanja huonekana hivyo.

Kuchapisha bila wino mweupe

Karatasi ya dekali ina tabaka tatu. Chini ni karatasi yenyewe. Juu yake ni gundi inayoyeyuka majini, na juu ya gundi ni utando wa vanishi ambao ndio unaopokea wino. Karatasi tupu za aina hii huuzwa nje na huagizwa kwa intaneti. Zipo za utando usio na rangi, na zipo za utando mweupe.

Printa za kawaida, kama zile za maduka ya fotokopi mjini, hazina wino mweupe. Mahali penye weupe katika mchoro printa haiweki chochote. Kwa hiyo bendera iliyochapwa kwenye utando usio na rangi, ikibandikwa kwenye mkia wa buluu, itakuwa na msalaba wa buluu badala ya mweupe, na nyekundu yake itafifia, maana wino ni mwembamba na hupitisha rangi iliyo chini. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupaka kiraka cheupe kwenye ndege mahali pa bendera, kisha kubandika juu yake. Ya pili ni kutumia karatasi yenye utando mweupe na kukata kwa wembe mpya kufuata ukingo wa bendera bila kuacha hata uzi. Ya pili ni safi zaidi kwa bendera. Kwa herufi haifai kabisa. Hakuna awezaye kukata ndani ya tumbo la 9 yenye kimo cha milimita 4.

Printa nazo zina tabia zake. Wino wa maji huchuruzika mara dekali inapochovywa, kwa hiyo karatasi iliyochapwa kwa printa hiyo lazima ipuliziwe vanishi mara mbili tatu na kuachwa ikauke usiku kucha. Wino wa unga wa printa ya leza hauyeyuki majini, lakini printa hiyo hutumia joto kali kuugandisha, na karatasi ambayo haikutengenezwa kwa leza utando wake unaweza kuyeyuka ndani ya mashine. Mwenye duka la fotokopi hatafurahi. Ni ungwana kumwonyesha kwanza maelezo yaliyoandikwa kwenye pakiti.

Katika kuchapisha, nakala kumi za kila alama ni bora kuliko mbili. Karatasi moja ina nafasi tele, na dekali ya kwanza huharibika mara nyingi.

Maji, gundi na hewa

Kosa linaloharibu ndege nyingi hufanyika kabla dekali haijagusa maji, nalo ni kubandika juu ya rangi isiyong'aa. Rangi ya namna hiyo ikitazamwa kwa karibu ni kama barabara ya changarawe. Utando hukaa juu ya vilele vya chembe zake, na hewa hubaki mabondeni. Hewa hiyo hutawanya mwanga jinsi povu la sabuni linavyofanya, na dekali iliyotakiwa isionekane kingo zake huwa na kumetameta kama fedha. Dawa ni kupaka vanishi inayong'aa kwanza, na kuiacha ikauke vizuri. Bujumbura, mji ulio ukingoni mwa ziwa na wenye unyevu mwingi miezi ya mvua, haraka hapa haina baraka. Vanishi inayoonekana kavu kwa kidole inaweza kuwa bado laini ndani.

Maji nayo yanahitaji kufikiriwa. Maji ya bomba mjini hutoka katika Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo yana madini mengi. Tone likikauka juu ya bawa huacha duara jeupe. Kuchemsha hakuyaondoi madini yote. Yanayofaa zaidi ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, yale yale ambayo mafundi wa magereji ya Buyenzi huongezea katika betri za magari. Ahakikishe tu mnunuzi kwamba ni maji safi na si asidi, kwani chupa hufanana.

Yawe vuguvugu. Kipande kilichokatwa hushikwa kwa kibano na kuchovywa kwa sekunde 20 hivi, kisha hutolewa na kulazwa juu ya kitambaa kwa dakika moja, ili maji yaendelee kupenya karatasi na kulainisha gundi. Wengi hukiacha kipande kikielea majini mpaka utando ujitenge wenyewe. Hapo gundi nyingi imekwisha kusafirishwa na maji, na dekali haitashika. Dalili ya kuwa tayari ni utando kusogea kidogo ukisukumwa kwa brashi yenye unyevu.

Mahali pa kubandika huloweshwa kwanza kwa tone la maji. Karatasi huletwa karibu kabisa, na utando husukumwa kutoka juu yake hadi kwenye ndege. Hauinuliwi kwa kibano, kwani utajikunja na hautakunjuka. Kwa dakika mbili tatu huwa unaelea, na huo ndio muda wa kunyoosha mstari wa herufi. Madirisha ya ndege husaidia: herufi zikienda sambamba nayo, jicho hutulia. Kisha maji hufyonzwa kwa pamba ya masikio, kutoka katikati kuelekea nje, kwa kugusa na si kwa kusugua.

Utando sasa umekaa, lakini bado ni kama shuka iliyotandazwa juu ya kitanda chenye mabonde. Ndege halisi ina maungio ya mabati, ribiti na mikunjo ya milango, na modeli nzuri inayo pia. Kuna dawa maalumu za kulainisha dekali. Zilizo maarufu zaidi duniani ni mbili za kampuni ya Microscale ya Marekani, Micro Set na Micro Sol. Pasipo hizo, siki nyeupe ya dukani iliyochanganywa na maji hufanya sehemu ya kazi, kwa kuwa asidi yake hafifu husaidia utando kulala. Kwa utando mnene siki haitoshi.

Dawa kali hufanya jambo linalowatia hofu wanaoliona mara ya kwanza. Baada ya dakika moja dekali hujikunyata kama ngozi ya aliyekaa majini muda mrefu. Herufi zote hupinda. Mkono hutamani kuzinyoosha, na ukigusa tu, zimechanika, kwani wakati huo utando ni laini kama utelezi wa bamia. Ukiachwa, kiyeyusho huvukiza, utando husinyaa, na katika kusinyaa hujivuta wenyewe ndani ya kila mfereji na juu ya kila ribiti. Baada ya saa moja herufi zimenyooka, na maungio ya mabati yanaonekana kupita ndani yake. Kama kuna kiputo cha hewa kilichobaki, hutobolewa kwa ncha ya sindano na kutiwa tone jingine la dawa.

Wapo watakaouliza kwa nini kusumbuka hivi, na stika za plastiki zinazobandikwa kwenye mabasi madogo zimejaa mjini. Jibu liko katika unene. Stika yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, katika skeli ya 1/72, ni sawa na bati la milimita 7 lililogongomewa ubavuni mwa ndege. Utando wa dekali ni mwembamba kuliko huo mara kadhaa, na ukifunikwa kwa vanishi kingo zake hutoweka.

Kabla ya vanishi hiyo ya mwisho, ndege hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ili kuondoa gundi iliyochuruzika, ambayo isipotolewa hugeuka kahawia baada ya miezi. Jua nalo ni adui wa wino. Dirisha linalotazama magharibi, kuelekea ziwani na milima ya Kongo, ni zuri kwa mwenye nyumba na baya kwa bendera ya milimita 4.

Hubaki alama moja, ile ya chini ya bawa. Kiambatisho cha 7 kinataka iwe kwenye nusu ya kushoto peke yake, katikati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, vichwa vya herufi vikielekea ukingo wa mbele. Kwa Twin Otter ya 1/72 ni mstari wa sentimita 3 na kidogo. Ndege ikishawekwa juu ya kabati hakuna atakayeiona, mpaka mtu aishike na kuigeuza.